Miche Mia Sita Iliyogoma Kuinuka

Wapo watu waliozaliwa na roho ngumu kama kisigino, na wapo waliozaliwa na roho laini kama embe lililokaliwa. Bwana Pole alipewa hiyo ya pili, tena aliyelikalia embe alikuwa mnene.

Jina la kwenye cheti analo, ila hata mkewe akilihitaji hulitafuta kwanza kwenye karatasi. Watu walimwita Bwana Pole kwa sababu neno hilo lilimtoka kama kikohozi. Akikukanyaga, pole. Ukimkanyaga wewe, pole. Akijigonga kwenye kiti, hukiambia kiti pole, kisha hukirudisha ukutani taratibu kisije kikaumia mara ya pili.

Roho hiyo ilimfukuzisha kazi tatu kabla hajatimiza miaka arobaini na minne. Alianzia kwa mchinja kuku sokoni. Kazi yenyewe ilikuwa kumshika kuku miguu, basi. Asichinje wala asinyonyoe. Siku ya nne mchinjaji akamkuta nyuma ya banda amechuchumaa, anamweleza jogoo hali halisi ili asije akashtukizwa. Akafukuzwa yeye, jogoo akabaki.

Akaenda kwenye unyozi. Huko nako kila mteja aliyeketi aliulizwa, "Una hakika?" Mashine ikipita mara moja, anaulizwa tena, "Bado una hakika?" Watu wakawa wanatoka wamenyolewa upande mmoja, wanatembea barabarani wakitilia shaka maisha yao yote. Kazi ya tatu ilikuwa kwa mng'oa meno, na hiyo tuiache ilivyo. Yatosha kusema kwamba mgonjwa ndiye aliyembeba msaidizi kumtoa nje apate hewa.

Jioni ya siku hiyo mkewe alimtazama kwa muda mrefu. Mkewe ni fundi cherehani, na mtaa mzima, pamoja na mumewe, humwita Fundi. Ni mwanamke mfupi, mwenye pini mdomoni tangu asubuhi hadi jioni, na amejifunza kusema maneno makali bila kuzidondosha.

"Mume wangu," akasema, "wewe utafutiwe kazi ya kitu kisicho na damu."

"Kama kipi?"

"Kama mti."

Ndivyo Bwana Pole alivyofika kwenye kitalu cha miche kilichokuwa nyuma ya kituo cha kuosha magari. Mwenye kitalu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama mrefu mkavu, ambaye serikali ilimstaafisha lakini hakuna aliyemweleza. Kitalu alikiendesha kama shule. Tuta la kusia mbegu aliliita chekechea. Miche iliyohamishiwa kwenye viriba, ile mifuko myeusi ya plastiki inayojazwa udongo, ilikuwa darasa la kwanza, na ile iliyokaribia kwenda kupandwa iliitwa watahiniwa. Mche uliopinda ulisemwa hadharani mbele ya wenzake. Kulikuwa na kengele. Kengele ya nini, hakuna aliyethubutu kuuliza.

"Mche una mdomo wapi?" Mwalimu alimwuliza siku ya kwanza.

"Juu, Mwalimu. Kwenye majani."

"Kaa chini. Mdomo uko chini. Mche hunywa kwa mizizi, na jua huunyang'anya kwa majani. Kinywaji kikiwa kidogo kuliko kinachonyang'anywa, mche unalala. Ukilala sana, unakufa. Rudia."

Akarudia. Akafundishwa na mengine. Kwamba mche mchanga unataka kivuli cha nusu kwa nusu, jua lichujwe kama chai. Kwamba giza nalo ni baya, maana mche uliowekwa gizani hurefuka mwembamba kama mkono wa mwiko, na siku ukitolewa juani unaanguka. Na kwamba chini ya kila kiriba kuna tundu la kutolea maji, na mzizi ukilikuta tundu hilo hauwezi kujizuia. Unachungulia, unatoka, unaingia kwenye ardhi ya chini na kuanza maisha mapya. Kwa hiyo kila wiki mbili kiriba huinuliwa, na mzizi uliotoroka hukatwa. Ukikatwa ungali mwembamba kama uzi, mche hata haustuki. Unaota vijizizi vingi ndani ya kiriba, na hivyo ndivyo vitakavyoulisha utakapopandwa.

"Na usipokatwa?" akauliza Bwana Pole.

"Mwanafunzi asiyerudishwa darasani huwa anakwenda wapi?"

Bwana Pole akaitazama kengele.

Miaka minane alikaa pale kwa raha zake. Alipewa kazi ya maji na kivuli. Alitandaza neti asubuhi, akaikunja jioni, akanyunyizia kwa kopo lenye matundu madogo ili maji yasiipige miche usoni. Mizizi ilikuwa ya binamu yake Mwalimu, mtu mkimya mwenye macho ya samaki, aliyekata mizizi mia kwa saa moja huku akitafuna muwa. Hakuna aliyemfukuza Bwana Pole. Hakuna aliyemgombeza, ukiacha siku aliyokutwa akiufunika mche wenye madoa kwa leso yake. Alifika miaka hamsini na mmoja akiwa mtu mwenye mahali pake.

Kisha binamu akahama, na Mwalimu akampa Bwana Pole mkasi.

Wakati huo kulikuwa na darasa jipya la mikangazi, miche mia sita ya mti ule wa mbao nyekundu, ndiyo kwanza imetiwa kwenye viriba. Wiki mbili zilipotimia, Bwana Pole alichuchumaa kwenye tuta, akainua kiriba cha kwanza. Mzizi mmoja, mweupe, mwembamba kama mvi, ulikuwa umeshika ardhi. Ukakatika kabla hata hajauleta mkasi. Tap.

Kasauti kadogo, lakini kalimwingia kwenye fizi. Alikirudisha kiriba mahali pake, akakifukia kidogo na udongo pembeni kama anayemfunika mtoto shuka. Akasimama. Akaenda kwenye ubao uliopigiliwa mlangoni pa stoo, kwenye mstari uliosema "Mizizi", akaweka alama ya vema.

Wiki mbili baadaye akaweka vema nyingine. Na nyingine. Magoti ya Mwalimu yalikuwa yamechoka. Yeye alikagua akiwa kwenye kiti cha plastiki, kutoka juu. Na kutoka juu, ndugu yangu, watu wote ni watakatifu.

Hapa ndipo shetani anapojua kazi yake, maana mikangazi ile ilistawi kupita kiasi. Miche ya darasa jingine ilikuwa inakula kilichomo kwenye kiriba, vijiko viwili vitatu vya udongo. Ya Bwana Pole ilikuwa imetoboa sakafu na kuhamia bohari. Majani mapana, shina nene, rangi ya kijani inayong'aa kama kiatu cha mgambo. Mwalimu alikaa kwenye kiti chake akaitazama, akatikisa kichwa.

"Bwana Pole, mkono wako una baraka."

"Pole, Mwalimu," akasema, na kwa mara ya kwanza neno hilo lilikuwa mahali pake.

Mwezi wa saba Mwalimu akamwita, akamkalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Nakwenda kuishi kwa binti yangu," akasema. "Magoti haya hayana muhula mwingine. Sasa sikiliza. Hospitali inataka miche mia sita ya kupanda kwenye ule mteremko nyuma ya wodi, udongo unaporomoka. Afisa wa misitu atakuja baada ya mwezi mmoja. Atachomoa kumi, yoyote anayoitaka, atatazama mizizi. Nane ikiwa mizima, anachukua yote. Ukifaulu, ufunguo wa kitalu hiki ni wako, uendeshe. Ukifeli, kiwanja nampa jirani."

Jirani ni Muosha Magari. Alikuwa amesimama ng'ambo ya uzio anasuuza gari jeupe, na aliposikia anatajwa akapunguza maji ili asikie vizuri. Tangu mwaka jana alishapima kitalu kwa hatua zake. Akipita karibu na chekechea alikuwa anawaonyesha watu, "Hapa utakaa mtaro. Pale, viti vya wateja."

"Na kwa kuwa hawa ni watahiniwa," Mwalimu akaendelea, "kivuli basi. Wazoee jua. Neti nimempa jirani, wateja wake wanaungua."

Kesho yake akafunga begi, akaenda kwa binti yake kwa wiki moja kuchagua rangi ya chumba.

Bwana Pole alibaki peke yake na watahiniwa wake. Alikuwa na furaha ya kijinga. Alizunguka matuta, akajaribu kusimama kama mwenye kitalu, mikono nyuma, tumbo mbele. Akainama auinue mche mmoja kwa mapenzi tu, auone usoni.

Mche haukuinuka.

Akadhani ameshika vibaya. Akashika kwa mikono miwili. Akavuta. Akapiga goti moja, akavuta tena, akasema pole, akavuta. Kiriba kikachanika kikabaki mkononi, yeye akaenda kukaa kwenye dimbwi, na mkangazi ukabaki umesimama palepale, uchi, na bonge lake la udongo, haujatikisika hata jani. Akajaribu wa pili, wa kumi, wa tuta la mwisho. Yote ilikuwa imeshika ardhi kama deni la ukoo. Alipochimba kidogo pembeni akaukuta mzizi mnene kama kidole gumba, unashuka chini huko, wala haujulikani unakwenda kwa nani.

Kitalu hakikuwa na miche mia sita. Kilikuwa na msitu mdogo ulioamua kubaki.

Jioni Fundi aliweka chakula mezani, na mumewe hakukigusa.

"Mke wangu, nikwambie jambo."

"Kama ni jogoo tena, sitaki."

Akamweleza. Fundi alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini, jambo ambalo kwa kawaida hulifanya kwenye misiba tu.

"Miezi saba," akasema.

"Saba."

"Unaweka vema."

"Naweka."

"Na mkasi ulikuwa unaufanyia nini?"

"Nilikuwa naupaka mafuta, usishike kutu."

Fundi akala kidogo, akatafakari. "Nikiacha kukata uzi unaoning'inia kwenye gauni kwa sababu nauonea huruma uzi, mteja atavaa nini?"

"Uzi hauna uhai."

"Na wewe utaona kama una uhai siku ile kiwanja kitakapokuwa sabuni tupu na wewe uko hapa mezani kwangu kila siku unakiambia kiti pole. Kula. Kesho alfajiri tunakwenda."

Alfajiri walikwenda. Bwana Pole alibeba mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, Fundi akampokonya njiani akaurudisha nyumbani. Mkasi huo hauruhusiwi kukata hata karatasi. Mtoto wa nyumba ya pili aliwahi kuukatia kadi ya mwaliko akakimbilia mji mwingine. Fundi akaja na kisu cha zamani kilichonolewa. Walimwaga maji kwenye matuta yote kwanza, hilo Bwana Pole alilijua vizuri. Kisha mume akawa anainamisha kiriba upande akiwa amefumba macho, mke anapitisha kisu chini. Krrap. Haikuwa tena ile tap ya uzi. Ilikuwa sauti ya kuni.

"Pole," anasema Bwana Pole.

"Kingine," anasema Fundi.

Mara mia sita. Saa nne asubuhi walimaliza. Kila mche sasa uliinuka kama inavyotakiwa. Bwana Pole akaketi, akajifuta jasho, akaanza hata kutabasamu.

Saa sita jua likasimama utosini, na mikangazi ikaanza kulala. Kwanza vilele, kisha majani mapana yale ya kujivunia, yakaning'inia kama masikio ya mbuzi aliyenyeshewa. Mdomo ulikuwa umekatwa, na majani yaleyale yalikuwa bado yananyang'anywa. Somo la siku ya kwanza. Alilikumbuka lote, neno kwa neno, akakimbilia uzio.

"Jirani, naomba zile neti."

Muosha Magari alikuwa amekaa chini ya neti hizo, mguu juu ya mguu, na wateja wawili.

"Neti zipi?"

"Hizo zilizo juu ya kichwa chako."

Muosha Magari akatazama juu kama anayeziona kwa mara ya kwanza. "Hizi alinipa Mwalimu. Mwalimu akirudi aniambie mwenyewe. Mimi mali ya mtu siwezi kumpa mtu bila mwenyewe kuwepo, nimelelewa vizuri." Akainua shingo. "Watahiniwa wamelala?"

"Wanapumzika."

"Wapumzike. Mtaro wangu hauna haraka."

Bwana Pole alirudi macho yamejaa maji. Fundi hakumtazama. Alikuwa anatazama matuta, anapima kwa macho, midomo inahesabu mita. Mtu wa nguo akitazama shida huona kitambaa. Akatoka bila kuaga, na baada ya nusu saa akarudi na mkokoteni uliojaa kazi zote za wateja wake.

Saa saba mchana, kitalu kile kilikuwa hivi: tuta la kwanza, la pili, la tatu na la nne yalifunikwa na gauni moja la harusi lenye mkia, mashela matatu marefu, na sketi za matundumatundu za wasimamizi sita wa bibi harusi, zote zimetandazwa kwenye kamba na vijiti. Tuta la tano lilifunikwa na majoho kumi na mawili ya kwaya, mazito, rangi ya zambarau. Tuta la sita lilipewa kivuli cha mwavuli mmoja na suruali ya mwenye duka, na suruali ni suruali, haitoshi. Kisha wakaipunguza miche majani nusu kwa nusu, ili kinachonyang'anywa kipungue. Hilo Bwana Pole alilifanya mwenyewe, kwa vidole, akigeuza uso.

Siku ya tano Mwalimu alirudi mapema. Rangi ya chumba ilikuwa imechagulika kwa urahisi: nyeupe. Akasukuma geti, akasimama. Mbele yake mikangazi mia sita ilikuwa kwenye harusi.

Akatafuta kiti chake, akaketi, akaweka begi magotini.

"Bwana Pole."

"Mwalimu."

"Anza mwanzo."

Akaanza mwanzo. Alipofika kwenye zile alama za vema, akazimalizia kwa mikono. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, kisha akanyoosha kidole kwenye ukuta wa stoo.

"Kasimame pale."

Mtu wa miaka hamsini na mmoja, baba wa watoto wawili walioajiriwa, akaenda akasimama, uso ukutani. Muosha Magari aliona kutoka ng'ambo, akafunga maji kabisa ili asipitwe.

Akiwa hapo ukutani, akaingia mama wa bibi harusi. Alikuwa amefuata nguo kule kwa Fundi, akaelekezwa huku. Alisimama mbele ya tuta la pili.

"Fundi. Hilo ni shela la binti yangu?"

"Ndilo, dada. Linapigwa hewa."

"Juu ya miti?"

"Ungependa liote ukungu kabatini? Vitambaa hivi vya nje vinataka unyevu kidogo, vinatulia. Ukilivalisha kavu, linasimama kichwani kama waya."

Mama wa bibi harusi akalitazama shela, akamtazama Fundi, akamtazama mwanamume aliyesimama ukutani. "Na yule?"

"Yule ni mume wangu. Naye anapigwa hewa."

Mama akaahirisha maswali yaliyobaki, akaondoka akigeuka nyuma mara mbili. Mwalimu alikuwa ameinuka kwenye kiti, magoti yakilia, anatembea kati ya matuta kwa mara ya kwanza baada ya mwaka. Aliinua mkia wa gauni. Chini yake mikangazi ilikuwa imesimama, dhaifu lakini macho wazi. Akainua joho la kwaya. Huko kulikuwa na giza na joto la kanisani, miche imekuwa ya njano, mingine shina limeanza kuoza. Akalitazama tuta la suruali. Hilo lilikuwa limekauka hata kabla ya kuinua chochote. Nusu yake ilikuwa kuni za kuwashia.

"Nani aliyechagua shela?" akauliza.

"Mimi," akasema Fundi. "Lina matundu. Nilidhani nao wanataka kuona nje."

"Na majoho?"

"Mashela yaliisha."

Mwalimu akakaa tena. "Majoho yatoke. Hizo sketi zigawanywe, kila tuta lipate. Wiki ijayo saa moja ya jua la asubuhi, wiki ya pili saa mbili. Wewe, geuka."

Bwana Pole akageuka. Kipaji cha uso kilikuwa na chokaa.

Wiki tatu zilipita wakifunua na kufunika. Nguo za watu zilirudi kwa wenyewe moja moja, zimefuliwa, na Fundi akazibadilisha na mapazia yake ya sebuleni, kisha chandarua, kisha bila kitu. Katika kwaya, sauti ya pili ilipiga chafya ibada nzima na hakuna aliyejua sababu.

Siku ya ukaguzi afisa wa misitu alifika na pikipiki, mwanamke kijana mwenye sauti ndogo na viatu vikubwa, asiyecheka na asiyetaka chai. Muosha Magari naye alikuwepo, amekuja kusalimia tu, na futi ya kupimia mfukoni. Afisa akazunguka, akachomoa mche hapa, mche pale, hadi kumi. Akaipanga chini, akachana viriba kwa wembe, akaosha udongo kwenye beseni. Mwisho akainua mmoja, akaonyesha mahali ambapo mzizi mnene ulikuwa umekatwa, na pembeni yake kishada cha vijizizi vyeupe vipya.

"Hii mizizi ilikatwa lini?"

Bwana Pole akautazama ubao wa stoo. Ulikuwa bado na vema zake kumi na nne, safi, zimenyooka, kila wiki mbili. Hakuwa na haja hata ya kufungua mdomo. Kuonyesha kwa kidole kungetosha. Akamtazama Muosha Magari, ambaye vidole vyake vilikuwa vinaichezea futi. Akamtazama Mwalimu, ambaye alikuwa anatazama kwingine kwa makusudi, kama msimamizi wa mtihani anayetaka kujua nani ataiba.

"Mara moja tu," akasema. "Yote siku moja, wiki tatu na siku nne zilizopita. Kabla ya hapo haikukatwa hata siku moja. Hizo vema ni za uongo, nimeziweka mimi. Pole."

Afisa akaandika. Akauchukua mche mwingine, akautikisa, akauweka upande wa pili. Akahesabu kwa kalamu.

"Mizima saba."

"Nane ndiyo ilitakiwa," akasema Muosha Magari haraka, kwa huzuni kubwa ya kujifanya.

"Najua nilichokiandika," afisa akamjibu bila kugeuka. Kisha akamwambia Bwana Pole, "Ungesema kila wiki mbili, ningepanda pikipiki niondoke, maana mzizi uliokatwa kila wiki mbili hauna kovu la kidole gumba. Leo sichukui. Nipe wiki nne za jua kamili. Nikirudi, nitachukua itakayokuwa hai na imara, hata ikiwa mia nne. Iliyobaki mtaiotesha upya, na hiyo mizizi ikatwe. Mteremko unaweza kusubiri, mvua bado."

Alipoondoka, Muosha Magari akakohoa. "Sasa Mwalimu. Hajafaulu."

"Hajafaulu," akakubali Mwalimu.

Bwana Pole akainamisha kichwa, akaanza kuokota miche kumi ile iliyochanwa, akiitafutia viriba vipya.

"Wala hajafeli," Mwalimu akaongeza. "Huyu ni wa kurudia darasa. Na mtu wa kurudia darasa hapewi ufunguo wa shule." Akatia mkono kwenye begi, akautoa ufunguo wenye kamba nyekundu. "Fundi, njoo."

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake akadondosha moja.

"Mimi nashona, Mwalimu."

"Cherehani inaingia stoo. Nimepima. Kivuli na maji mwachie yeye, katika hayo hana mwenzake. Mizizi na geti, wewe."

"Na mimi?" akauliza Muosha Magari.

"Wewe," akasema Fundi, akiupokea ufunguo, "utaleta neti zetu kabla ya adhuhuri. Mwenyewe yupo, tusije tukasema hukulelewa vizuri."

Bwana Pole hakujua acheke au alie, akafanya yote kidogo. Mahali pake palikuwa palepale. Kilichobadilika ni kwamba sasa bosi wake wa kazini alijua anavyokoroma.

Afisa alirudi kama alivyosema, akachukua miche mia nne na tisini. Yote iliinuka. Mwalimu akaenda kwenye chumba chake cheupe, na cherehani ikaingia stoo, chini ya ule ubao ambao Fundi aliufuta kwa sabuni mara tatu.

Jumatatu ya wiki ya pili ya darasa jipya, Fundi alimweka mumewe mbele ya tuta na mkasi mkononi.

"Kata."

"Leo?"

"Mzizi bado uzi. Kata."

Mche wa kwanza aliukata akiwa amefumba macho, na akakata kamba ya kiatu chake. Wa pili alifumbua jicho moja. Mzizi ukakatika, mche haukustuka. Aliyestuka ni yeye. Akakaa chini kidogo, rangi imemtoka. Fundi akamletea maji, akangoja anywe yote, kisha akamwekea mapajani kiriba cha tatu.